Ithibati ya maabara ya tiba: uombe nini, na uihuishe vipi

Swali: Assalam aleikum. Ninasimamia maabara ya binafsi hapa Kisauni, Mombasa. Tuko wataalamu watano, leseni yetu ya bodi haina tatizo, na tunafanya vipimo vya kawaida: malaria, hesabu kamili ya chembe za damu, sukari, figo, ini, mkojo, VVU na vingine vichache. Wakala mmoja wa mabaharia ametuarifu kwamba kuanzia mwakani atawapeleka watu wake katika maabara zenye ithibati pekee. Maombi yanaanzia wapi, na yanachukua muda gani? Je, ni kweli kwamba ukishapata cheti unakaa miaka kadhaa bila kusumbuliwa? Mwenzangu ananishauri niombe vipimo vyote kwa mpigo ili nisilipe mara mbili.

Jibu: Wa aleikum salaam, dada. Nitaanza na ushauri wa mwenzako, kwa sababu ndio utakaoamua mengine yote: usiombe vipimo vyote kwa mpigo. Ithibati haipewi jengo wala jina la maabara. Hutolewa kwa kipimo kimoja kimoja, kwa mbinu na mashine inayojulikana, katika anwani inayojulikana, na orodha ya vipimo hivyo huambatishwa kwenye cheti. Kila kipimo utakachokiweka katika orodha hiyo utalazimika kukitetea mbele ya watathmini kwa kumbukumbu zake mwenyewe, kisha kuendelea kukitetea kila mwaka unaofuata. Maabara ya watu watano inayoomba vipimo arubaini huishia kuandika kumbukumbu za vipimo kumi vizuri na za vile thelathini kwa haraka haraka, na kasoro za vile thelathini ndizo zitakazochelewesha cheti cha vyote.

Ni vyema pia kutenganisha mambo mawili ambayo wenye maabara wengi huyachanganya. Leseni mliyo nayo, inayotolewa na bodi ya wataalamu wa maabara za tiba, KMLTTB, chini ya sheria ya mwaka 1999, ni ruhusa ya kufanya kazi. Bila hiyo huruhusiwi kufungua mlango. Ithibati ni ya hiari, nayo ni ushahidi wa mtu wa tatu kwamba majibu mnayoyatoa yanaaminika kitaalamu. Hapa Kenya hutolewa na KENAS, taasisi ya taifa iliyoanza mwaka 2009 na ambayo sasa inafanya kazi chini ya sheria yake ya mwaka 2019. Ingawa baadhi ya maabara zetu zimekuwa zikiifuata SANAS, chombo cha ithibati cha Afrika Kusini, kwa maabara ya ukubwa wenu sioni sababu ya kulipia safari za watathmini kutoka nje. Kinachompa wakala wako utulivu ni kwamba KENAS imo katika makubaliano ya kimataifa ya kutambuana, ambayo kwa miaka mingi yamesimamiwa na ILAC, shirika la kimataifa la vyombo vya ithibati, hivyo mwenye meli aliye ng'ambo ana msingi wa kuyakubali majibu yaliyotoka Kisauni bila kudai baharia apimwe upya bandari nyingine.

Kiwango kinachotumika ni ISO 15189, na toleo lake la sasa lilichapishwa Desemba 2022. Maabara zilizokuwa na ithibati chini ya toleo la 2012 zilipewa miaka mitatu ya kuhama, na muda huo uliisha Desemba 2025. Ninalitaja hili kwa sababu nyaraka za toleo la zamani bado zinapita mkono kwa mkono mjini, na msimamizi asiye na nafasi hushawishika kunakili mwongozo wa ubora wa rafiki yake na kubadilisha jina tu. Usifanye hivyo. Toleo jipya halidai tena mwongozo mnene wa ubora; linachodai zaidi ni kwamba muwe mmefikiria hatari: ni wapi katika kazi yenu jibu linaweza kuharibika, mgonjwa ataumia vipi likiharibika, na mmefanya nini kulizuia. Limeweka pia wajibu ulio wazi kwa mgonjwa mwenyewe, ukiwemo wa kumfahamisha pale tukio la maabara lilipomdhuru au lilipoweza kumdhuru. Na vipimo vinavyofanywa karibu na mgonjwa, kama sukari ya kidoleni, ambavyo zamani vilikuwa na kiwango chao cha pembeni, sasa vimeingizwa humo humo. Nunua nakala yenu halali kutoka KEBS, shirika la viwango la Kenya, na muisome pamoja, kifungu kwa kifungu, wote watano. Mafunzo ya siku mbili hotelini hayatoshi kuchukua nafasi ya kusoma huko.

Sasa, uombe nini? Kwanza mwombe wakala akupe kwa maandishi orodha ya vipimo anavyovihitaji kwa mabaharia wake, kwa kuwa mara nyingi huwa vichache kuliko tunavyodhani. Kisha kila kipimo kilichomo ukipitishe katika maswali manne. Je, mnakifanya kila siku, au angalau mara nyingi kiasi cha mikono kutosahau? Je, mnapata sampuli za udhibiti wa ubora (zenye majibu yanayojulikana, za kuijaribu mashine) kwa uhakika mwaka mzima, au husubiri meli? Je, kipo katika mpango wa tathmini ya ubora ya nje, ambapo maabara hutumiwa sampuli zisizojulikana majibu yake na kulinganishwa na wenzake? Je, mashine yake ina mkataba wa matengenezo na fundi anayefika Mombasa bila kusubiriwa wiki mbili? Kipimo kinachoshindwa hata swali moja kingoje. Kwa maelezo yako, ningedhani hesabu kamili ya damu, sukari, kreatinini (ya figo), vimeng'enya vya ini na kipimo cha haraka cha VVU vinatosha kuanzia, halafu malaria kwa darubini iongezwe pale tu kila mmoja wenu atakapokuwa na rekodi ya kusoma slaidi zilizokwisha kuthibitishwa. Kupanua orodha baadaye kunawezekana, na mara nyingi hufanywa pamoja na ziara ya ufuatiliaji, yaani watathmini wanaporudi baada ya cheti, kwa hiyo hofu ya mwenzako kuhusu kulipa mara mbili si kubwa kama anavyoiona.

Kabla ya kugusa fomu, fanya zoezi moja ambalo kwa maoni yangu linazidi faida ya orodha zote za ukaguzi zinazouzwa. Chukua jibu moja la mgonjwa lililotoka wiki tatu zilizopita, tuseme kreatinini, na ulifuate kinyumenyume. Nani aliliidhinisha, na alikuwa na idhini ya maandishi ya kufanya hivyo? Nani alipima, umahiri wake ulipimwa lini, na kwa njia gani? Siku hiyo sampuli za udhibiti zilisomeka ngapi, na zilisomwa kabla ya wagonjwa au baada? Kitendanishi (kemikali ya kupimia) kilikuwa cha loti ipi, kilipokelewa lini, na kabla ya kuanza kutumika kililinganishwa na loti iliyotangulia? Friji ilikokaa ilikuwa na nyuzi ngapi siku hiyo, na kipimajoto cha friji hiyo chenyewe kilihakikiwa na nani? Pipeti ilifanyiwa kalibresheni (kuhakikishwa kwamba inapima sawasawa) lini, na aliyeifanya ana ithibati ya kazi hiyo? Sampuli ilitolewa saa ngapi, majimaji yake yakatenganishwa na chembe saa ngapi? Na katika tathmini ya nje ya mwisho, kreatinini yenu ilisimama wapi? Watathmini hufanya hivi hasa: huchagua jibu moja na kuvuta uzi. Ukikatika mahali pamoja, umepata kasoro yako ya kwanza bila kulipia mtu. Rudia zoezi hilo kwa kila kipimo cha orodha yako, safari moja ukichagua jibu la Jumapili au la usiku, maana huko ndiko uzi hukatika.

Jambo la pili litakalokula muda ni kuhakiki mbinu. Maelezo ya mtengenezaji wa mashine hayatoshi. Lazima mwonyeshe kwamba utendaji alioutangaza mnaupata nyinyi, katika chumba chenu, kwa mikono yenu. Njia inayokubalika sana kwa vipimo vya kemia ni kupima sampuli ile ile mara tano kwa siku kwa siku tano na kukokotoa jinsi majibu yanavyotawanyika, ukilinganisha na dai la mtengenezaji. Kwa viwango vya kawaida vya wagonjwa, watu ishirini wenye afya kutoka katika jamii mnayoihudumia wanatosha kuthibitisha: wasipozidi wawili walio nje ya mipaka, mipaka hiyo inaweza kutumika. Kazi hii si ngumu, ila haiwezi kufanywa usiku mmoja kabla ya tathmini, na mtathmini mzoefu hutambua takwimu zilizopikwa kwa kuwa hazina ule mtawanyiko wa kawaida wa kazi ya kweli.

Vivyo hivyo kwa chati za Levey-Jennings, zinazoonyesha majibu ya sampuli za udhibiti siku baada ya siku. Kitakwimu, kwa mipaka iliyowekwa sawasawa, takriban nukta moja katika kila ishirini itatoka nje ya mikengeuko sanifu miwili (kipimo cha mtawanyiko) kutoka wastani hata kama kila kitu kiko salama. Chati ya miezi sita isiyo na hata nukta moja iliyotoka ni ushahidi kwamba mipaka imepanuliwa mno, au kwamba mtu anarudia kupima hadi apate anachokitaka kisha anaandika cha mwisho. Nukta iliyotoka, ikafuatwa na sentensi mbili za mkono zinazoeleza kilichochunguzwa na kilichoamuliwa, ina thamani kubwa kuliko chati safi.

Pwani ina mambo yake ambayo maabara ya Nairobi haiyaoni sana, na yanapaswa kuonekana katika tathmini yenu ya hatari. Joto na unyevu ndivyo vya kwanza. Damu isiyotenganishwa hupoteza sukari kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa katika joto la kawaida la chumba, na kadiri joto linavyopanda ndivyo upotevu unavyoongezeka. Ikiwa mnapokea sampuli kutoka Ukunda au Msambweni zinazosubiri feri pale Likoni adhuhuri ya Februari, basi mgonjwa wa kisukari anaweza kuonekana mzima kwa sababu tu ya foleni. Andikeni muda wa juu kabisa mnaoukubali, aina ya chupa, namna ya kubeba, na, muhimu kuliko vyote, mwonyeshe sampuli mlizozikataa. Maabara isiyokuwa na daftari la sampuli zilizokataliwa huwa haikatai chochote. Unyevu huota kuvu kwenye lenzi za darubini, hewa ya chumvi hula viunganishi vya umeme, na umeme ukikatika usiku friji hupanda nyuzi bila shahidi kama hamna kipimajoto kinachojirekodi. Kifungu cha mwendelezo wa huduma wakati wa dharura kimo ndani ya kiwango, nanyi mna sababu za kutosha za kukichukulia kwa uzito.

Maombi yenyewe ni sehemu nyepesi. Utajaza fomu ya KENAS, utaambatisha orodha ya vipimo, taratibu za kazi zilizoandikwa, matokeo ya tathmini ya nje, ripoti ya ukaguzi wa ndani na kumbukumbu za mapitio ya uongozi, kisha utalipa ada na kutia saini makubaliano. Mambo mawili kati ya hayo huchelewesha wengi: ukaguzi wa ndani uwe umegusa vifungu vyote na vipimo vyote unavyoviomba, na mapitio ya uongozi yawe yamefanywa kweli na mwenye mamlaka ya fedha akiwa kitini. Mapitio ambayo mwenye maabara hakuhudhuria hayana maana, kwani maamuzi yake huwa ni maombi tu. Nyaraka zikishapitiwa, unaweza kukubaliana nao juu ya ziara ya awali, ambayo ningekushauri uichukue kwa mara ya kwanza. Kisha huja tathmini kamili, ambapo watathmini watakaa na watu wako wakiwaona wakipima. Usitarajie KENAS ikushauri namna ya kuandaa nyaraka, kwa kuwa chombo cha ithibati hakiruhusiwi kuwa mshauri wa maabara kinayoitathmini. Uamuzi wa mwisho hutolewa na watu ambao hawakuwemo katika timu iliyowatembelea, na una haki ya kukata rufaa.

Huenda umesikia pia habari za SLIPTA, mpango wa WHO Kanda ya Afrika unaozipa maabara nyota kuanzia moja, kwa alama za asilimia 55, hadi tano kwa asilimia 95. Ni ngazi nzuri ya kujipima, na maabara kadhaa za serikali zimepandia hapo. Lakini nyota tano si ithibati, na wakala wako hatazikubali badala yake.

Kuhusu muda, maabara inayoanza pale ulipo inahitaji takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kufika kwenye cheti, na sehemu kubwa ya muda huo ni ya kukusanya kumbukumbu za miezi mfululizo, ambazo hakuna pesa itakayoziharakisha. Gharama nayo haiko kwenye ada peke yake. Ada za maombi, siku za watathmini, nauli na malazi yao, pamoja na ada ya kila mwaka, unaweza kuziulizia na kuzipanga. Kinachowaangusha wengi ni gharama za kudumu za tathmini ya nje, sampuli za udhibiti, kalibresheni na umeme wa akiba, ambazo haziishi siku ya kukabidhiwa cheti.

Karibu kila maabara huandikiwa kasoro katika tathmini ya kwanza, na hilo halina aibu. Namna ya kuzijibu ndiyo hutenganisha wanaopita na wanaokwama. Chukua mfano wa joto la friji lisiloandikwa mwishoni mwa wiki. Jibu linalopelekwa mara nyingi ni kwamba mfanyakazi amekumbushwa. Jibu hilo litarudishwa, kwa sababu halijasema kwa nini ilitokea. Ukichunguza utakuta zamu ya Jumamosi na Jumapili ina mtu mmoja anayetoa damu, anapima na kupokea malipo. Dawa yake ni kubadilisha zamu au kuweka kipimajoto kinachojirekodi, kisha kuangalia baada ya miezi miwili kama pengo limekwisha, na kuangalia pia kama friji nyingine zina pengo lile lile. Peleka ushahidi, si ahadi, na uupeleke kabla ya tarehe uliyopewa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye dhana kwamba ukishapata cheti unapumzika. Si kweli hata kidogo. Kanuni zinazoviongoza vyombo vya ithibati duniani, ISO/IEC 17011, zinasema mzunguko mmoja usizidi miaka mitano, na kwamba ndani yake pasipite zaidi ya miaka miwili bila sehemu ya vipimo vyako kutathminiwa tena. Tarehe na masharti yaliyoandikwa kwenye cheti na makubaliano yako ndiyo yatakayokufunga. Kabla mzunguko haujaisha hufanywa tathmini mpya ya mfumo mzima, na inapaswa kuwa imefanyika, kasoro zake zimefungwa na uamuzi umetolewa kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa hesabu hiyo, anayeomba kuhuisha mwezi mmoja kabla ya tarehe amekwisha chelewa. Panga nyuma kutoka tarehe ya cheti: miezi kwa ajili ya uamuzi, miezi ya kufunga kasoro, muda wa kupata watathmini, na kabla ya yote hayo ukaguzi wenu wa ndani uliokamilika. Mimi huwashauri watu kuanza mwaka mmoja kabla.

Wanaopoteza ithibati kati ya mizunguko mara chache huipoteza kwa kosa kubwa la kitaalamu. Mashine mpya inaletwa, kila mtu anafurahi, na hakuna anayeiarifu KENAS wala kuhakiki mbinu upya, ilhali orodha ya cheti inataja mashine ya zamani. Maabara inahamia jengo jipya, na anwani iliyopewa ithibati inabaki nyuma. Msimamizi wa ubora anapata kazi Saudia, nafasi yake inakaa wazi miezi minane, na ukaguzi wa ndani unasimama naye. Au matokeo ya tathmini ya nje ya kipimo kimoja yanaanguka mara mbili mfululizo bila uchunguzi. Katika hali hiyo ya mwisho, ni busara zaidi kuomba wenyewe kipimo hicho kisimamishwe kwa muda kuliko kusubiri kuonekana. Kusimamishwa kwa hiari kwa kipimo kimoja hakuvunji ithibati ya vingine, na huonyesha kwamba mfumo wenu una macho.

Angalia pia matumizi ya alama ya ithibati. Itawekwa kwenye karatasi za majibu kwa masharti ya KENAS, na vipimo vilivyo nje ya orodha, pamoja na vile mnavyovituma maabara nyingine, lazima vitambulike waziwazi kwenye karatasi hiyo, na maabara iliyopima itajwe. Siku cheti kinapoisha au kusimamishwa, alama iondoke siku hiyo hiyo, hata kwenye kadi, tovuti na bango la barabarani.

Kwa sasa mwandikie wakala barua ya kweli. Mweleze kwamba mna leseni halali, kwamba mmejiunga na tathmini ya nje ikiwa mmejiunga, ni vipimo vipi mnakusudia kuviombea ithibati na kwa robo gani ya mwaka, na kwamba hadi hapo vipimo vyake vinavyolazimika kuwa na ithibati mtavipeleka kwa maabara iliyo nayo, huku nyinyi mkitoa damu na kuisafirisha kwa utaratibu ulioandikwa. Mpango huo wa kupeleka sampuli kwingine wenyewe unahitaji makubaliano ya maandishi na maabara hiyo, na unapaswa kuomba nakala ya cheti chao pamoja na orodha ya vipimo iliyoambatishwa, kisha usome orodha kabla ya cheti. Usiandike popote kwamba mko "njiani kupata ithibati", kwa kuwa hali hiyo haipo.